Chipsi Nilizokula Nikisema Sijala

Ndugu zangu wa kikundi cha wagonjwa wa sukari, mniwie radhi nikizungumza nikiwa nimeketi. Mguu huu wa kushoto una vidole vitatu, na vitatu havinishikilii kwa muda mrefu. Mmeniomba nieleze viwili vilikwenda wapi, nami sitaficha.

Mimi ni kifungua mimba kwetu Ndhiwa. Wazazi wetu walifariki wakifuatana nikiwa darasa la saba, nikaacha shule na kurithi karai la mama. Alikuwa akikaanga chipsi sokoni, wateja wanafungiwa kwenye karatasi na kwenda nazo. Nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu. Jioni ugali ulikuwa mdogo, kwa hiyo niliwaambia, "Kuleni, mimi nimeshakula." Kweli nilikuwa nimetafuna vipande vilivyobaki kwenye chujio, lakini moyoni nilijua nimewadanganya watoto. Ninyi mnatujua sisi wa Ndhiwa. Mtu ambaye hajagusa kuon, hajagusa ugali, huyo hajala. Anaweza kuwa amemaliza chane nzima ya ndizi, na ukimuuliza atakujibu, "Pok achiemo," bado sijala.

Nilipotimiza miaka thelathini na minne, sukari ilinipata. Kliniki wakanipeleka kwa binti mmoja wa lishe. Akanipa daftari na kuniambia, "Mama, kwa siku usizidi kalori elfu moja na mia tano. Andika kila unachokula." Akanifundisha kupima ugali kwa ngumi yangu, na akaniandikia kalori za omena, za maharagwe na za sukuma.

Sikusoma sana, lakini mimi nikiambiwa jambo, nalifanya. Kila siku nilipima ngumi yangu na kila siku niliandika. Jumla yangu ilikuwa elfu moja, elfu moja na mia moja. Siku za soko, nikikosa hata muda wa kusonga ugali, niliandika neno moja tu: Sijala.

Na mwili ukazidi kuongezeka. Dereva mmoja wa boda alinitania mbele ya wateja, "Mama Chipsi, unafunga na unanenepa. Ama hewa ya hapa kwako ina mafuta?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, mkononi nina chipsi naonja chumvi.

Niliporudi kliniki, yule binti alisoma daftari lote, akalifunga. "Mama, huyu aliyeandikwa humu si wewe."

"Unasema nimedanganya?"

"Nasema damu yako inasema kitu kingine."

Ndugu zangu, nawaambia, niliumia. Nimelea watoto watatu bila kuiba hata nyanya ya mtu, leo mtoto mdogo ananiita mwongo. Niliinuka nikaenda zangu, na kliniki sikukanyaga tena kwa miezi mitano. Dawa zikaisha, sikufuata nyingine.

Kisha tone la mafuta moto likanirukia mguuni, dogo kama punje ya mahindi. Sikusikia uchungu, nikafikiri ni bahati. Sikujua kwamba mguu ulikuwa umeanza kufa ganzi. Mdogo wangu anayenifuata hufundisha watoto wa chekechea kule Karungu. Alipokuja nyumbani shule zilipofungwa, alisimama mlangoni akasema, "Humu ndani kuna panya aliyekufa." Tulimtafuta pamoja. Tulisogeza kitanda, tukatoa magunia ya viazi nje. Mwisho akapiga magoti karibu na kiti changu, akakifunua kidonda cha mguu wangu. Nikajua hakuna panya.

Vidole vilikatwa hospitalini Homa Bay. Daktari alinieleza bila kuzunguka: sukari ikibaki hivi, kinachofuata ni chini ya goti. Nililala nikitazama dari. Kitinda mimba wetu alikuwa bado mwaka wa kwanza chuoni. Tulishazika wazazi, na sasa nilikuwa nawaandalia watoto matanga mengine.

Mdogo wangu alikuwa ameketi kando ya kitanda na lile daftari.

"Hapa umeandika sijala. Hii si siku ya soko?"

"Ndiyo. Sikula."

"Kutoka asubuhi mpaka ukafunga?"

"Kutoka asubuhi."

"Na chipsi?"

"Hizo nilionja tu. Na zile za mwisho ambazo hazikupata mtu."

"Karatasi ngapi, dada?"

Nikahesabu kwa vidole vya mkono. "Mbili. Labda tatu. Lakini hizo ni chipsi, si chakula."

Hakucheka. Alinitazama mpaka nikasikia mwenyewe nilichosema. Halafu akasema, "Basi tusikuulize tena umekula nini. Tutakuuliza ni nini kimepita mdomoni."

Nilipoweza kusimama, tulipima. Mafuta yaliingia kwenye karai kwa kikombe, tukakaanga karatasi kumi na mbili, tukaacha yapoe, tukapima tena. Vikombe viwili havikuwepo. Miaka yote nilikuwa nikiongeza mafuta kila asubuhi bila kujiuliza yanaenda wapi. Tulipogawanya, kila karatasi ilikuwa imekunywa karibu vijiko vikubwa vitatu, na kijiko kimoja ni kalori mia moja na ishirini. Hapo hatujagusa viazi vyenyewe. Siku nilizoandika sijala ndizo siku nilizokula kuliko zote.

Nilirudi kwa yule binti wa lishe nikamwomba msamaha. Aliniambia naye alikosea, kwa sababu aliuliza kwa neno "kula", ambalo kwangu lina maana ya ugali. Sasa ni miaka miwili. Sukari imeshuka, kidonda kimefunga, goti langu bado ni langu. Jicho la kulia halioni vizuri, na hilo wameniambia halitarudi. Karai bado ninalo, maana ndilo kazi yangu. Chumvi anaonja mteja.

Namshukuru mdogo wangu, aliyenusa ukweli bila kuniaibisha. Namshukuru binti wa lishe. Nawashukuru ninyi mlionipigia simu nilipokuwa sitaki kuongea na mtu. Na somo langu ni hili: nilichokiacha nje ya daftari, daktari alikisoma mguuni mwangu. Kama kimepita mdomoni, kimeliwa, hata kama ulikuwa umesimama, hata kama ulikuwa unaonja, hata kama ugali bado uko jikoni.

Sasa kabla hatujaendelea, toeni madaftari. Andikeni mlichokula njiani mkija hapa. Tuanze na wewe dada uliyekaa karibu na mlango, midomo yako bado inang'aa kwa mafuta.