Pongo wa Kumwonyesha Mackrine

Kijiwe chetu cha njia panda ya Ihembe ni benchi moja la mbao za mkaratusi, bodaboda isiyo na abiria, na birika langu mimi Anatolia. Kahawa ya kunywa ninayo, ya kutafuna pia ninayo. Wateja ni walewale: Melkiory, tunayemwita Redio maana hazimiki, Nolasco wa bodaboda, tunayemwita Takwimu maana kila kitu kwake kina asilimia, na mzee Kaijage, tunayemwita Padri kwa kuwa nyama ya pongo, yule paa mwekundu wa porini, haigusi. Ni mwiko wa ukoo wao. Kwao mtoto akizaliwa, babu humbeba mpaka ukingoni mwa pori, amwonyeshe pongo aliye hai, amwambie: huyu ni ndugu yako, usimle. Sharti iwe kabla mtoto hajatembea, la sivyo jina la ukoo halipati. Asubuhi hiyo Padri alikuwa ametoka porini kwa mara ya kumi na tisa, akamrudisha mjukuu wake Mackrine kwa mama yake, akaja kukaa na suruali imelowa umande.

— Shikamoo, Padri, — nikamwamkia. — Umemwona?

— Marahaba. Nimeona mavi ya mbuzi.

Redio akadakia:

— Wamehamia Rwanda, mzee. Wamevuka mto Kagera. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Wakipewa jembe kule, watarudi mbio.

— Hawajahama, — akasema Takwimu. — Asilimia themanini wamebadili zamu. Ule mnara wa simu unawachoma masikio mchana.

— Wewe nawe! Pongo ana laini?

— Masikio anayo!

— Basi ngoja niwape la uhakika, — akasema Redio. — Mbuzi wa kijiji cha Songambele mmewaona? Wekundu, na madoa ubavuni. Hao ndio pongo wenyewe. Wamechoka kukimbizwa na mbwa, wakajiunga na mbuzi. Mficha uchi hazai!

Nilicheka peke yangu. Padri alikuwa anatazama kikombe.

— Chekeni tu, — akasema. — Lile bonde nilikuwa nahesabu pongo saba kabla jua halijapanda. Leo nimekuta vitanzi kumi na vinne kwenye njia moja. Pori ni la wote, basi kila mtu ana kitanzi chake.

— Vya kamba?

— Vya waya. Waya za klachi ya pikipiki.

Tukamgeukia Takwimu. Waya zikimchakalia huwa anawagawia watu, nani asiyejua?

— Jamani, mimi nagawa waya! Wanasema wanaanikia nguo.

— Nguo kumi na nne porini? — nikamuuliza. — Na wewe Redio, bonde ulilichoma Agosti.

— Nilitaka majani mabichi ya ng'ombe! Kwani wewe, Mama Anatolia, ile supu ya Krismasi si ulituambia mbuzi?

Nikakosa pa kuweka uso. Haikuwa mbuzi. Niliipika mwenyewe kwa ndizi, nikalamba na vidole.

— Mimi msinitie humo, — akasema Padri. — Tangu nizaliwe sijala hata kipande.

Ningenyamaza, lakini hapo hasira ilinipanda.

— Padri, ile nyama si ulinipa wewe?

Akaweka kikombe chini.

— Nilitega nguruwe pori. Walikuwa wananimalizia mihogo. Akanasa pongo. Nifanyeje, nami siruhusiwi kumla? Nimwache aoze? Nikakupa wewe. Wa Januari nikampa Redio. Yule jike na ndama wake...

— Walikuwa wangapi, mzee wangu?

— Sikuwala, Anatolia. Hata mmoja sikumla.

Aliamini kabisa, maskini, kwamba mwiko unaishia mdomoni. Nilimhurumia, nikajichukia na mimi.

Ndipo akatokea Nikuze, mke wa mwanawe, anashuka njia ya migombani. Mgongoni hakuwa na mtoto. Mackrine alikuwa chini, ameshika kidole cha mama yake, anatembea.

Padri akasimama.

— Shikamoo, baba, — akasema Nikuze, akipiga goti kidogo. — Ameanza leo, ulipoondoka tu. Nimeona nimlete umwone. Nisamehe kuuliza, sisi tuliotoka Rwanda kwetu mwiko huu hatuna, na huyo pongo mimi sijawahi kumwona. Akikua, nimwambie asile nini?

Redio akainama kufunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa kandambili. Takwimu hakutaja asilimia yoyote. Nami nilimimina kahawa mpaka ikafurika kwenye benchi.

Mtoto akaachia kidole, akapiga hatua nne kumfuata babu yake. Padri akamdaka, akamkumbatia, akalia kwa sauti mbele yetu wote.

— Baba? — Nikuze akauliza tena.