Tumbo Lililotangulia Upele

Mgeni rasmi, Daktari Mkuu wetu, karibu sana! Kabla makofi hayajapoa, tukiri: siku ile wajinga tulikuwa sisi, na mwenyekiti anayekusomea risala hii ndiye aliyeshika bendera. Lakini leo furaha imetujaa mpaka viatu vinabana, maana mwenzetu tuliyemkosea ameketi pale mbele, gauni kajishonea mwenyewe, na anatucheka.

TULIKOTOKA

Sisi ni watu tuliopandikizwa figo. Dawa zinazozuia mwili usiikatae figo mpya ndizo hizo hizo zinazolegeza kinga, maradhi yanatuingia kama mwizi nyumba isiyo komeo. Tunachokiogopa zaidi ni mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayochoma kama pasi. Kwa hiyo kila mkutano, kabla ya chai, tunakaguana migongo na mbavu nyuma ya pazia, kina mama kwao, kina baba kwao. Wengi wamewahi matibabu kwa njia hiyo. Tukavimba vichwa.

SIKU YENYEWE

Fundi cherehani wetu alikuja amejikunja. Tumbo limejaa kama ngoma, choo hakipiti, anatapika. Kina mama wakamkagua: ngozi safi, hata chunusi hana. Mwenyekiti akapaza sauti, "Fundi, hiyo ni sahani ya pili ya jana tu hiyo!"

"Cheka, kaka," akajibu. "Tumbo si lako."

Akarudi nyumbani na vidonge vya kiungulia tulivyompa sisi wenyewe. Siku chache baadaye mumewe alimkimbiza hospitalini kwako, macho yamekuwa ya manjano. Daktari wa zamu akatueleza kwamba virusi vya tetekuwanga, ambavyo ndivyo vinavyoleta mkanda wa jeshi, hujificha kwenye mishipa ya fahamu miaka na miaka. Kinga ikilegea sana, vinaweza kushambulia ini, tumbo na utumbo kabla ya upele, na pengine upele usitoke kabisa. Akachukua damu, hakungoja majibu, akamtundikia dripu ya dawa ya virusi. Malengelenge yalipochomoza ubavuni, dawa ilishatangulia.

Utumbo uliokuwa umelala ukaamka. Utuwie radhi, mgeni rasmi, lakini habari kwamba fundi ametoa upepo ilipokelewa kwa vigelegele ambavyo hata arusi yake haikuvipata!

CHANGAMOTO NA OMBI

Daktari yule hayupo kila zamu. Akiwa hayupo, wenzetu wanaoumwa tumbo wanaambiwa, "Upele ukitoka, rudini." Fundi alipona kwa bahati, na bahati haipangiwi zamu.

Tunaomba agizo lako: mwenye kinga dhaifu akija na maumivu makali ya tumbo, aonwe siku hiyo hiyo, mkanda wa jeshi ukumbukwe hata ngozi ikiwa safi, na dawa ile ya dripu isikosekane stoo.

Mola akujalie afya, usingizi mtamu, na mkono mwepesi wa kusaini. Ni sisi wako, Kikundi cha Figo Mpya.

Tusikufiche: ombi hili nusura lisifike. Mweka hazina alishikilia kwamba mgeni haombwi makubwa, tuombe mabenchi ya mapokezi, yatoke upesi. Tulivutana mpaka chai ikapoa. Fundi akaweka sindano chini.

"Mabenchi ya nini, shemeji? Tukae vizuri tukingoja upele?"