Odile Guillory na Mfuko wa Tano

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Bi Odile Guillory anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika kitengo chetu cha kutua majini. Atakabidhi kitambulisho getini, ataondoka na gari lake kuukuu kwenda kuishi na dada yake mjini Beaumont, nasi tutabaki hapa Houston tukijifanya tunaijua kazi.

Kwa wageni wetu wa siku hiyo, kazi yenyewe ni hii. Chombo kinachorudi kutoka angani hushuka kwa miavuli na kuangukia baharini. Kina umbo la kengele, na wimbi likikikuta vibaya hupinduka kikatulia hivyo hivyo, kichwa chini, kana kwamba ndivyo kilivyoumbwa. Waliomo wananing'inia kwenye mikanda, damu imewajaa usoni, na antena imezama kwa hiyo redio haisemi. Hapo mifuko ya hewa iliyokunjwa kileleni hujaa, ikasukumana na maji, na chombo kikainuka. Mifuko hiyo ni mitano. Ingeweza kuwa minne, na aliyetaka iwe minne ni Bi Odile mwenyewe.

Alitujia akiwa mhandisi kijana, mzaliwa wa Lake Charles, Luisiana. Siku yake ya kwanza ya majaribio alitapika kabla meli haijaacha gati la Galveston. Akaendelea kutapika kila safari, mwaka baada ya mwaka, na hakukosa hata moja. Nahodha wetu, Mzee Hollis Trahan, alimtengea ndoo yake.

"Bi Odile, ndoo yako nimeshaiosha," angemwambia asubuhi.

"Isogeze karibu, Nahodha. Leo nimekula vizuri."

Kuna mwaka chombo cha mfano kilikata kamba kikatutoroka. Kesho yake mvuvi wa kambamiti alipiga simu kutoka Freeport akiuliza kama tumepoteza kengele. Bi Odile alimuuliza swali moja tu: imelala au imesimama?

"Imesimama, mama. Tena ina ndege mwari watatu juu, hawataki kushuka."

"Basi ni yetu," akasema, na siku nzima alikuwa akitabasamu peke yake.

Sasa habari ya mfuko wa tano. Wakubwa walikuwa wanataka chombo kipunguzwe uzito, na Bi Odile akaleta pendekezo la mifuko minne. Kwenye bwawa la majaribio chombo kiliinuka kila mara. Alisifiwa sana, na sote tulijua kuwa ukuu wa kitengo unamsubiri yeye. Lakini alikataa kutia saini kabla ya kujaribu baharini na watu ndani, yeye akiwa mmoja wao.

"Siwezi kumning'iniza mtu mahali ambapo mimi sijaning'inia," alisema.

Tuliingia watatu: yeye, mimi, na Dewitt Ochoa, mpiga mbizi wetu. Bahari ilikuwa imechafuka kidogo. Tukapinduliwa kwa makusudi, Bi Odile akabonyeza kitufe. Mifuko mitatu ikajaa. Wa nne ulinasa kwenye kifuniko ukachanika. Chombo kiliinuka nusu, kikasita, kikarudi kichwa chini na sisi ndani yake.

Dewitt akauliza, "Bi Odile, hii inainuka au haiinuki?"

"Haiinuki."

"Na unasema kwa upole hivyo?"

"Nikipiga kelele itainuka?"

Joto lilikuwa kali, na kichwa changu kilidunda kama ngoma. Nilianza kulia kimyakimya, na machozi yalipanda kwenye paji la uso badala ya kushuka. Bi Odile akanishika mkono, akatuambia tuzungumze lolote tulipendalo hadi wenzetu wafike. Dewitt akaanza kusifia tamale za mama yake, zile za unga wa mahindi na nyama, mafuta ya nguruwe na yote.

"Dewitt, mwanangu," alisema Bi Odile, sauti imepungua, "lolote ila chakula."

Tulicheka, kichwa chini, mpaka wapiga mbizi walipotufunga kamba na winchi ya meli ikatugeuza. Yeye alikaa sitahani akiwa ameloa, akiyatazama maji mpaka bandarini.

Kwenye kikao kilichofuata alisimama mbele ya wakubwa wote. "Minne inatosha ikijaa yote," alisema. "Bahari haikuniahidi kuwa itajaa yote. Naliondoa pendekezo langu."

Mkurugenzi, Bwana Lindqvist, alimuuliza kama anajua anachokitupa.

"Ofisi yenye dirisha, nadhani," alijibu, akaketi.

Ukuu alipewa mwingine. Bi Odile alimtumikia kwa moyo mweupe, na wengi wetu alitufundisha kazi hatua kwa hatua.

Mwaka jana chombo chenye wanaanga wanne kilitua Pasifiki. Wimbi la kwanza lilikipindua. Katika chumba chetu cha uongozaji redio ilikufa, na tulikuwa na picha ya kutoka kwenye helikopta tu. Mifuko ya rangi ya machungwa ikachomoza: mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tano ulibaki umelegea kama nguo iliyoloa. Bi Odile alikuwa amekishika kiti changu kwa nyuma. Chombo kikainama, kikakokota maji, kikasimama wima.

Sauti ya Kapteni Wade Tillery ikaingia: "Tunaiona mbingu. Tumshukuru nani?"

Sote tuligeuka kumtazama Bi Odile. Alikaa chini, akalia kama mtoto. Alipomaliza, alifuta uso na kuuliza kwa nini mfuko wa tano haukujaa, na nani ataanza kuuchunguza.

Ijumaa tutachemsha kamba wa mtoni uwanjani, na mahindi na viazi, jinsi apendavyo. Wanaanga wale wanne wanakuja na jamaa zao. Wameomba jambo moja tu: wao ndio wapakue, Bi Odile aketi.

Asante, Bi Odile, kwa yote uliyotufundisha na kwa ule mkono ulionishika. Upate afya, usingizi mzuri na wageni wengi barazani. Tunakutakia maisha ya raha, na kiti chako mezani petu hakikaliwi na mtu.

Lucinda Prejean
Kitengo cha Kutua Majini