Placide Ilunga na Mashine Isiyosikika

Wapendwa jamaa, majirani na waamini wenzetu, kabla ya kumtaja marehemu kwa tarehe zake, familia inakiri kwamba kuna jambo imeshindwa kulielewa: kwa nini mtu aliyefanya kazi ya kupunguza kelele kwa miaka ishirini na saba alilala miezi minne kando ya mashine yetu ya kusaga mihogo, hatua sita kutoka kitandani kwake, bila kuomba hata siku moja izimwe.

Placide Ilunga alizaliwa Wamaza, teritwari ya Kabambare, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa Jean-Baptiste na Sidonie, wakulima. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, akaja Kasongo kwa miguu kusomea ufundi, akapata diploma ya serikali mwaka 1981. Mwaka 1991 alifika Ufaransa, na kuanzia 1993 hadi 2020 alifanya kazi katika kiwanda cha paneli zinazozungushwa kwenye injini za ndege ili zimeze kelele: uso wa kila moja una matundu madogo mno, nyuma yake kuna vyumba kama vya sega la asali, kelele inaingia tunduni na kupotelea humo. Yeye alihakikisha gundi haijaziba tundu hata moja. Mwaka 1995 alifunga ndoa na Consolée, wakajaliwa binti mmoja, Plamedi.

Alirudi Kasongo Juni 2021, akamkuta mdogo wake Clovis, ndiye huyu anayewasomea, ana mashine hii ya kusaga, inayotumia mafuta ya mazutu. Akatoboa mabati kwa msumari, akapanga nyuma yake vipande vya mwanzi vya urefu mmoja, akaizungushia mashine paneli nane, nayo ikawa inanong'ona. Wateja wakapita wakidhani mazutu yameisha, wengine wakimtania Clovis kwamba mzungu wake amemuulia mashine, naye Clovis akazing'oa, akajengea zizi la mbuzi, akamwambia kaka yake mbele ya watu kwamba hapa si uwanja wa ndege. Placide alijibu tu kwamba angalau mbuzi watalala vizuri.

Tarehe 2 Oktoba 2024 alipatwa na kiharusi, akabaki kitandani hadi alipofariki tarehe 5 Februari 2025, saa tatu asubuhi, mashine ikinguruma, hata Consolée, aliyeinamisha sikio mdomoni mwake, hakulisikia neno lake la mwisho.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji, na mafundi wenzake waliopiga simu kutoka Ufaransa.

Jioni ile kikao cha familia kiliamua paneli zirudishwe kabla ya maziko, na azirudishe Clovis peke yake. Alikuta matundu yamezibwa na samadi, akayazibua kwa msumari, tundu kwa tundu, siku nzima. Plamedi alisimika mti mbele ya nyumba na kufunga kitambaa chekundu, ili mteja ajue mashine inafanya kazi, jambo ambalo lingetosha tangu 2021. Unga wa ugali mtakaokula leo umesagwa asubuhi hii, mwili ukiwa bado ndani, na wengi wenu mlikuwa hapa uani, hamkusikia kitu.

Pumzika, Placide, kumetulia.