Simu Iliyokwenda Kwenye Kupamba

Tuktuk ya Mambrui ilikuwa haijatoka Malindi vizuri, kijana aliyeketi karibu na abiria mwenzake, Stambuli, akamwonyesha simu mama mmoja aliyevaa buibui. "Tazama, mama! Nimezivunja kufuli zote za kiwandani. Sasa mimi ndiye sultani wake, nafuta nitakacho!"

"Na programu ukiipa usultani huo, si itapekua kila chumba?"

"Kila programu huniomba ruhusa kwanza."

"Nawe hukatai."

"Nimeruhusu moja tu, ya kuongeza kasi."

"Ya nani?"

"Aliyeitengeneza simjui, lakini simu yaruka kama paa!"

Stambuli akacheka. Vijana hawa humfungulia mlango yeyote anayeisifu nyumba.

"Mna picha humo?" mama akashikilia.

"Za juzi tu. Mke wangu aliiazima, ampige picha mdogo wake, bibi harusi, kwenye kupamba."

"Subhanallah! Wanawake wamejifungia peke yao, vichwa wazi, nawe umempa ufunguo mtu usiyemjua?"

Stambuli akaacha kucheka, akamgeukia kijana. "Kupamba ya nani?"

"Ya binti Muhidin, bwana."

Huko ndiko alikocheza mkewe Stambuli. Tuktuk ikasimama Mambrui. Hakushuka mtu; wote walikuwa wakiikodolea macho ile simu.