Keki ya Uongozi

Kwenye tramu ya jiji la Göteborg, mbele yangu walikaa wanawake wawili wa kiwanda cha mikate, unga bado umewaganda kwenye nyusi.

"Jana tumefundishwa kila mtu ni kiongozi, hata mfagiaji, na keki tukapewa," alisema Solveig, yule mnene. "Leo nimeongoza, nimeitwa ofisini!"

"Umeongoza nini, shoga? Umezima mashine nzima, mikate imeungua!" alijibu mwenzake, Majvor.

"Mkono wa yule binti mgeni ulikuwa unavutwa na mkanda wa mashine!"

"Ungeitisha kikao kwanza."

Hakuwa anatania. Kwetu Uswidi hata dirisha halifunguliwi bila kikao, kila mmoja aseme lake na wote wakubaliane, kahawa ikinywewa.

"Tungekubaliana mkono umeshapakiwa na mikate," alisema Solveig. "Wanasema nilizima kwa ukaidi. Wewe ulisimama pale, uliona. Kesho twende wote ukaseme, la sivyo nafukuzwa."

"Mimi? Mimi napanga mikate tu. Cheo chenyewe sina."

"Keki ya uongozi ulikula vipande viwili."

"Ilikuwa tamu," alikiri Majvor, akabonyeza kitufe cha kushukia, ingawa Solveig alikuwa ameshakibonyeza.

Tramu ikasimama, mlango ukafunguka.

"Tangulia," alisema Majvor.

"Thubutu! Leo utatangulia wewe," alijibu Solveig, wala hakusogea.

Nami nyuma yao nilikuwa nashuka hapohapo, lakini nilingoja mmoja wao atangulie.