Salvina, Aliyetaja Thamani ya Visu vya Mumewe

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na majirani mliofika hapa Ushirombo leo, Jumatatu tarehe 11 Mei 1987, poleni na ahsanteni. Ukoo umenipa heshima ya kumsimulia dada yangu. Mimi ni Coletha, mdogo wake wa kumfuata. Huenda nikalia, lakini nitasoma hadi mwisho, maana Salvina hakumpenda mtu aanzaye jambo akaliacha njiani.

Marehemu Salvina Mageni alizaliwa hapa hapa Ushirombo tarehe 14 Septemba 1934, mtoto wa tatu wa Mzee Telesphori Mageni na Mama Apolonia. Mama alitusimulia kwamba Salvina alipozaliwa alilia kwa sauti kubwa hata baba, aliyekuwa malishoni, akaacha ng'ombe akaja mbio akidhani kuna msiba. Sauti hiyo hakuipunguza maisha yake yote, nanyi majirani ni mashahidi.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1944 hadi alipomaliza darasa la nne mwaka 1947. Alipenda sana kusoma kwa sauti, na kila Dominika alitaka apewe somo la kanisani. Bibi yetu alipougua, baba alimwambia abaki nyumbani kumtunza. Hakunung'unika. Au tuseme ukweli, tuko mbele za Mungu: alinung'unika wiki nzima, kisha akamtunza bibi kwa upendo hadi alipofariki.

Baadaye alifanya biashara ya karanga na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, katika minada ya Ushirombo na Runzewe. Bei yake ilikuwa moja. Ukimwomba apunguze alikucheka, akakuongezea karanga za kutafuna njiani, na bei ikabaki pale pale. Watu walimrudia kwa sababu debe lake lilikuwa debe kweli, si la kugongwa matako ili lijae upesi.

Tarehe 17 Julai 1954 alifunga ndoa takatifu na Pantaleo, mhunzi na mtoto wa wahunzi. Sote tulishangaa. Shemeji yangu Pantaleo ni mtu wa maneno machache, na hapa alipokaa hatakasirika nikisema kwamba siku ya kuja kuposa, mshenga alisema yote na yeye akasema "shikamoo" tu. Dada yangu akatuambia jikoni, "Huyu huyu. Nyumba haihitaji vinywa viwili."

Sasa wageni mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Katika ukoo wa shemeji kuna mwiko: mhunzi hataji kwa kinywa chake thamani ya alichokifua. Akiitaja, wanasema, chuma kinasikia majivuno, nacho kitapasuka. Mnunuzi ndiye hutangulia kusema. Akisema vizuri, mhunzi anaitikia kwa kichwa. Akisema ovyo, mhunzi anaendelea kugonga nyundo mpaka mtu ajirekebishe. Wazee waliishi hivyo na majembe yao yakanunuliwa.

Mwaka 1976 ikaja bahati kutoka mbali. Sista mmoja muuguzi, Sista Hildegund, alikuwa amerudi kwao Uholanzi na kisu cha jikoni cha Pantaleo, chenye mpini wa mpingo. Kaka yake ana duka la vyombo. Alipokiona aliagiza dazeni nzima, vitumwe kwa posta. Ilikuwa heri kubwa, kwani wakati huo majembe ya kiwandani yalikuwa yamejaa madukani na banda la uhunzi lilikuwa limepoa. Vijana wa ukoo walishaanza kukimbilia machimbo ya dhahabu upande wa Geita.

Mwezi Machi, shemeji akaenda peke yake posta ya mjini. Karani, Bwana Onesmo, akamwambia kwamba kifurushi kinachokwenda nje lazima kiwe na tamko la forodha: kilichomo ni nini, na thamani yake ni kiasi gani. Kwa thamani hiyo forodha ya huko itamtoza mpokeaji ushuru, na kwa thamani hiyo hiyo bima italipa kikipotea. Shemeji akanyamaza. Onesmo akauliza tena. Shemeji akatazama dari. Watu nyuma wakaanza kulalamika, na mwisho akasema, "Andika upendavyo." Onesmo, masikini, asingeweza kuacha pengo. Akaandika shilingi moja.

Kifurushi kilipotea njiani. Mpaka leo hatujui ni wapi. Bima ikalipa kama ilivyoandikwa: shilingi moja. Kazi ya miezi miwili, mkaa, mpingo, jasho, shilingi moja! Shemeji aliiweka juu ya fuawe, chuma kile anachofulia, akakaa kuitazama. Kaka yake mkubwa, Mzee Nkwabi, akasema basi, chuma kimekataa kusafiri; fuawe iuzwe, Pantaleo aende machimboni kama wenzake. Dada yangu hakula siku ile. Alijua mumewe akitoka kwenye ule moto hatakuwa mtu tena, atakuwa mikono inayochimba tu.

Kesho yake alikwenda kwa Mzee Nkwabi, akapiga magoti, akasalimia kwa adabu zote. Mimi nilikuwepo.

"Shemeji, mwiko unamfunga nani?"

"Unamfunga aliyefua."

"Mimi nilifua lini?"

Mzee Nkwabi akakohoa. "Mama Donatus, chema chajiuza. Wazee hawakuhitaji mdomo wa mwanamke kukiuza chuma chao."

"Chema chajiuza sokoni, shemeji, kinapoonekana. Kikiwa ndani ya boksi lililopigwa misumari, nani atakiona? Mnipe boksi moja tu. Hili nalo likipotea, fuawe nitaibeba mimi mwenyewe kwa mnunuzi."

Mayu! Wazee waliguna mpaka basi. Lakini Mzee Nkwabi akakubali boksi moja.

Visu vingine vikafuliwa. Dada alivifunga mwenyewe: kila ncha akaichomeka kwenye gunzi la hindi, kila kisu akakiviringishia pamba ya shambani kwake. Mwezi Agosti wakaenda mjini wote wawili. Shemeji alibaki nje barabarani, mbali, asije akasikia. Mimi niliyewasindikiza nikaingia na dada ndani.

"Thamani?" akauliza Onesmo.

"Shilingi arobaini kila kimoja," alisema Salvina, kwa sauti ile ile iliyomleta baba mbio kutoka malishoni. Posta nzima ikageuka.

Onesmo alikuwa mtu mwema. Akainama akamnong'oneza, "Mama, ukiandika hivi mpokeaji atalipa ushuru mkubwa, na wewe bima yako inapanda. Wengi huandika ndogo."

"Mwanangu, nikiandika ndogo nimedanganya mara mbili: nimeidanganya forodha, na nimemtukana mume wangu. Ushuru ukimuuma, akanunue cha bati."

Watu walicheka, mzee mmoja akapiga makofi. Dada alikuwa ameuza mbuzi wake wawili apate fedha ya bima ile; akalipa, akarudi nyumbani akiimba. Mimi niliyekuwa naye kwenye basi nawaambia: alikuwa anaimba huku akiikunja na kuikunjua risiti ya bima.

Miezi ikapita kimya. Mzee Nkwabi alishaanza kumtafutia fuawe mnunuzi. Ndipo barua ya Sista Hildegund ikafika, na Padri akaisoma mbele ya banda. Forodha ya huko ilikuwa imelizuia boksi, haikuamini kwamba visu kutoka kijijini vina thamani ile. Kaka yake Sista akaitwa. Akatoa kimoja, akakata nacho karatasi, akakata kamba, akakata gunzi lenyewe, kisha akamwuliza ofisa, "Sasa niambie wewe, bei imezidi?" Ofisa akakijaribu mwenyewe. Ushuru ukalipwa wote, bila kinyongo. Na duka likaagiza visu vingine thelathini!

Vigelegele vya siku ile vilisikika hadi sokoni. Hakuna kisu kilichopasuka. Mzee Nkwabi akachinja beberu, akamkabidhi dada yangu mguu wa mbele kwa mikono miwili, akasema, "Mama Donatus, tangu leo wewe ndiwe mdomo wa banda hili." Fuawe haijauzwa hadi leo. Mwaka 1980 boksi jingine lilipozama na meli, bima ililipa kila senti, na banda likaezekwa bati. Wahunzi wakamfuata kutoka Ushetu na Geita, "Mama Donatus, njoo ututajie." Alikishika kisu, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza, akataja. Na kikiwa kibaya alitaja hivyo hivyo, bila haya.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa hapa, kisha akapelekwa hospitali ya Kolandoto mwezi Machi mwaka huu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa moyo wote. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Mei, asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Ameacha mume, Pantaleo. Watoto watatu, Donatus ambaye ni mhunzi, Justina na Limi. Wajukuu saba, wadogo zake, mashemeji, na wahunzi wengi ambao leo hawana mdomo.

Shemeji ameniruhusu niseme hili. Siku chache kabla ya kufariki, dada alimtania pale kitandani: "Baba Donatus, kazi zako zote nimezitaja mimi. Mimi je, nitaondoka bila kutajwa?" Nilidhani shemeji atatazama dari. Akamshika mkono, akasema, "Mwiko ni wa nilichokifua. Wewe sikukufua, nilikukuta umeiva." Akaanza kumtaja. Wema wake, ukali wake, mbuzi wale wawili, jina lake la ujana, kila kitu. Mwanamume yule wa maneno machache alisema mchana kutwa, na muuguzi aliyekuja kututoa akasimama mlangoni asitutoe. Dada yangu alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Taja yote, Baba Donatus," alisema. "Usipunguze hata kidogo. Ushuru nitalipa mimi."

Salvina, dada yangu, Mungu akupokee kwa thamani yako yote, na amani yake ikulaze pema.